Nani atatwaa Wimbledon ya wanawake? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwapima wachezaji kwenye nyasi

Kila mwaka Roland Garros, mashindano ya udongo ya Paris, ikiisha tu, maswali huanza kumiminika: sasa London nani ana nafasi? Hapa nimeyakusanya yale yanayorudi mara nyingi zaidi. Yanahusu mashindano ya tenisi ya Wimbledon ya wanawake, mchezaji mmoja kwa mmoja, na mifano yangu yote inaishia mwaka 2025. Fomula sina. Nina kitu kimoja ninachokitazama kuliko vingine, nacho ni servisi ya pili (ule mpira wa kuanzishia pointi unaopigwa tena wa kwanza ukikosa), na utaona kinajirudia hata pale swali linapohusu jambo jingine.

Kwa nini nyasi zipimwe kivyake? Mchezaji bora si bora popote?

Walio bora popote wapo, ila ni wachache. Mpira ukidunda kwenye udongo hupunguza mwendo na kupanda hadi begani. Kwenye nyasi huteleza, hubaki chini, pengine usawa wa goti, na mpokeaji hana muda wa kutosha kuiandaa raketi. Aliyezoea kurudi nyuma ya mstari akasubiri mpira upande, ndipo auzungushe kwa nguvu, ananyang'anywa silaha yake kabla hajaitumia.

Halafu msimu wenyewe ni mfupi mno. Tangu 2015 kuna wiki tatu kati ya Roland Garros na Wimbledon, na kabla ya hapo zilikuwa mbili. Katika wiki hizo ndimo mnamobanana mashindano ya matayarisho: 's-Hertogenbosch, Queen's, Nottingham, Berlin, Bad Homburg na Eastbourne. Mchezaji mkubwa anaweza kuingia Wimbledon akiwa amecheza mechi mbili tu za nyasi mwaka mzima. Ukiona mtu anakutajia asilimia ya ushindi wa nyasi kwa kujiamini, muulize kwanza ni ya mechi ngapi.

Lakini si nyasi za siku hizi zimeshakuwa za polepole?

Kwa kiasi, ndiyo. Tangu 2001 viwanja vya Wimbledon hupandwa aina moja tu ya nyasi, ngumu na yenye kustahimili kukanyagwa, nazo hukatwa zibaki na urefu wa milimita 8. Ardhi chini yake ni kavu na imara, hivyo mpira hudunda vizuri kuliko zamani. Ndiyo sababu hutamwona bingwa wa leo akikimbilia wavuni baada ya kila servisi, maana mechi huamuliwa kwenye mstari wa nyuma. Hata hivyo, ukilinganisha na Paris mpira bado uko chini, na hilo peke yake linatosha kuwapangua wengi.

Namba moja duniani ndiye wa kwanza kumfikiria?

Hapana. Angalia mabingwa tangu 2017 na namba walizopewa kwenye mashindano hayo (wachezaji 32 wa juu hupewa namba ili wasikutane mapema): Garbiñe Muguruza 14, Angelique Kerber 11, Simona Halep 7, Ashleigh Barty 1, Elena Rybakina 17, Markéta Vondroušová hakuwa na namba kabisa, Barbora Krejčíková 31, Iga Świątek 8. Hao ni mabingwa wanane tofauti katika mashindano manane (mwaka 2020 hayakufanyika kwa sababu ya korona), na kila mmoja alikuwa anaitwaa Wimbledon ya watu wazima kwa mara ya kwanza. Ni Barty pekee aliyekuwa namba moja. Wa mwisho kutetea taji lake ni Serena Williams, mwaka 2016.

Vondroušová ndiye mfano unaoniumiza zaidi. Mwaka 2022 alikuwa London kama mtalii, mkono ukiwa umefungwa plasta baada ya upasuaji wa kifundo cha mkono. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza asiye na namba kutwaa taji hilo tangu wachezaji wa kulipwa waruhusiwe mwaka 1968. Kabla ya hapo alikuwa ameshinda mechi moja tu Wimbledon. Kwenye orodha yangu ya watu 20 wa mwaka ule hakuwemo.

Basi nianzie wapi?

Servisi ya pili. Watu hupenda kuhesabu servisi zisizoguswa kwa sababu zinapendeza machoni, lakini servisi ya kwanza inapoingia karibu kila mchezaji wa kiwango hiki ana nafuu. Tofauti huonekana pale ya kwanza inapogonga wavu. Kwenye udongo, servisi ya pili dhaifu hupewa msamaha: mpira unapanda, mpokeaji anausukuma, mbio zinaanza upya. Kwenye nyasi servisi dhaifu hudunda chini mbele ya mtu aliyekwisha kusogea ndani ya uwanja, na pointi inaisha kwa pigo moja.

Kwa hiyo tazama mambo mawili. Kwanza, anashinda pointi ngapi anapotumia servisi ya pili. Akivuka nusu mechi baada ya mechi, mweke kwenye orodha. Pili, anapobanwa, gemu likiwa 30-40, anafanya nini nayo? Akiipiga polepole ili iingie tu, mpinzani mzuri atamla. Akiipiga kwa nguvu bila kujua inakokwenda, atajila mwenyewe.

Aryna Sabalenka alipitia hayo hadharani. Mwaka 2022 servisi zake zote mbili zilipotea zaidi ya mara 400 katika msimu mmoja, akalazimika kuujenga upya mwendo wa mkono wake kwa msaada wa mtaalamu wa miondoko ya mwili. Alipoimarika, alifika nusu fainali ya Wimbledon 2023 na tena 2025. Coco Gauff ni upande wa pili wa sarafu. Mwaka 2025 alitoka Paris na kombe, akatolewa raundi ya kwanza Wimbledon na Dayana Yastremska kwa 7-6, 6-1, huku servisi zake mbili zikipotea mara tisa.

Warefu wenye servisi kubwa si ndio wenye nyasi zao?

Wana mwanzo mzuri. Rybakina ana urefu wa mita 1.84 na servisi yake hutoka bila kelele wala jasho, na ndiyo iliyombeba 2022 alipopoteza seti ya kwanza kwa Ons Jabeur kisha akashinda 3-6, 6-2, 6-2. Lakini huyo huyo alitolewa robo fainali 2023, nusu fainali 2024, na raundi ya tatu 2025. Servisi kubwa hukufikisha wiki ya pili, ila siku isipoingia unahitaji kitu kingine mfukoni.

Na wafupi, au wasio na servisi ya kutisha?

Hawa ndio wanaonivutia zaidi, kwa hiyo nivumilie.

Fainali ya 2019 Halep alimfunga Serena 6-2, 6-2 kwa dakika 56. Mechi nzima alifanya makosa matatu tu ya kizembe. Matatu! Huko si kupiga mpira kwa nguvu, ni miguu. Halep alifika kwenye kila mpira sekunde moja mapema na akainama vya kutosha kuupiga kutoka chini bila kuunyanyua. Kerber, mwaka mmoja kabla, alikuwa akipiga goti moja likikaribia kugusa nyasi, akitumia mwendo wa mpira wa Serena badala ya kushindana nao. Jasmine Paolini ana mita 1.63 na hadi 2024 hakuwa ameshinda hata mechi moja Wimbledon. Mwaka huo akafika fainali.

Unapowatazama watu wa aina hii, usiangalie raketi. Angalia mwili unapobadilisha mwelekeo. Nyasi za siku za kwanza zina unyevu na zinateleza, na asiyeziamini huchukua hatua kubwa kubwa kisha anaanguka au anachelewa. Anayezijua hupiga hatua ndogo za harakaharaka, kitovu kikiwa chini. Ukiona mchezaji anauliza uwanja kwa macho kila anapogeuka, anachunguza anapokanyaga, jua bado hajafika nyumbani.

Wanaozungusha sana mpira hawana nafasi?

Mpaka Julai 2025 ningekujibu "nafasi ndogo" bila kufikiri. Wanaoshika raketi kwa namna ya kuupiga mpira wa juu hupata shida mpira ukija chini na kwa kasi. Mkono unakosa muda wa kugeuka. Gauff anaingia hapa pia, kwa pigo lake la mkono wa mbele: tangu alipomtoa Venus Williams 2019 akiwa na miaka 15, hadi 2025 hajavuka raundi ya nne.

Świątek alikuwa kundi hilohilo. Mwaka 2024 alitolewa raundi ya tatu na Yulia Putintseva, na wengi tulikwisha kumwandikia kwamba Wimbledon si yake. Mwaka 2025 alipoteza nusu fainali ya Paris, akapata siku za ziada, akaenda Mallorca kufanya mazoezi ya nyasi, akafika fainali ya Bad Homburg, kisha akatwaa Wimbledon kwa kumfunga Amanda Anisimova 6-0, 6-0. Fainali ya wanawake yenye matokeo hayo ilikuwa haijaonekana hapo tangu 1911. Kilichobadilika ni nini? Mzunguko haukuondoka. Alianza kusimama karibu zaidi na mstari, akafupisha mkono, na servisi ikawa inampa mipira mifupi ya kumaliza. Tangu siku hiyo simfuti mtu kwa sababu ya mshiko wake. Nauliza tu kama amebadilisha pa kusimama.

Mipira ya kukata na ya kudondosha ina kazi gani?

Kubwa kuliko kwenye viwanja vingine. Mpira uliokatwa, yaani uliopigwa uzunguke kinyumenyume, ukidunda kwenye nyasi huteleza bila kunyanyuka, na mpinzani analazimika kuupiga kutoka kwenye viatu vyake. Wa kudondosha karibu na wavu hufa palepale. Jabeur alifika fainali mbili mfululizo, 2022 na 2023, kwa ufundi huo, na ile ya kwanza ilimfanya awe Mwafrika wa kwanza mwanamke kufika fainali ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi) ya mchezaji mmoja tangu 1968. Mwaka 2025 Tatjana Maria, akiwa na miaka 37 na akitokea mechi za mchujo, alitwaa Queen's kwa kukata karibu kila mpira. Rybakina, Madison Keys na Anisimova wote walipita mikononi mwake. Laura Siegemund naye alimsumbua Sabalenka hadi seti ya tatu kwenye robo fainali ya Wimbledon mwaka huohuo.

Tahadhari: wakataji huwavuruga wakubwa, lakini kushinda mechi saba mfululizo kwa kuvuruga tu ni kazi ngumu. Maria mwenyewe, wiki chache baada ya Queen's, alitolewa raundi ya kwanza Wimbledon. Nawaweka kwenye safu ya "usipangwe nao", mara chache kwenye safu ya mabingwa.

Anayetumia mkono wa kushoto ana nafuu?

Ndiyo. Servisi yake ya kukata kutoka upande wa kushoto humtoa nje mpokeaji wa mkono wa kulia, na nyasi huizidishia utelezi. Petra Kvitová (2011 na 2014), Kerber na Vondroušová wote ni wa kushoto.

Aliyeshinda mashindano ya matayarisho nimpe uzito gani?

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Kwenye nyasi asubuhi hiyo hudanganya. Tazama 2025: Maria alishinda Queen's, tumeona yaliyomkuta. Jessica Pegula alishinda Bad Homburg, akatolewa raundi ya kwanza Wimbledon. Vondroušová alishinda Berlin, akaishia raundi ya pili mbele ya Emma Raducanu. Aliyebeba kombe ni yule aliyefungwa na Pegula kwenye fainali ya Bad Homburg.

Kwa hiyo mimi sisomi makombe, nasoma mechi. Mchezaji aliyeshinda tatu dhidi ya wapokeaji wakali kisha akajitoa apumzike ananiridhisha kuliko aliyebeba kombe Jumamosi akiwa amechoka, halafu Jumatatu au Jumanne anaanza upya London.

Bingwa wa Roland Garros je?

Wa mwisho kubeba vyote viwili mwaka mmoja ni Serena, 2015. Jibu limo humo.

Droo naisomaje?

Washiriki ni 128, wenye namba ni 32, na bingwa hushinda mechi saba. Namba moja na mbili huwekwa nusu tofauti, na wenye namba hawakutani kabla ya raundi ya tatu. Hayo kila mtu anayajua. Kosa la wengi ni kuruka moja kwa moja hadi robo fainali: "atakutana na Sabalenka, basi kwisha." Sabalenka huyo anaweza kuwa ameshaondoka.

Anza chini. Tafuta nani asiye na namba aliyepangwa raundi ya kwanza na ya pili. Bingwa wa zamani aliyetoka kwenye majeraha, mkataji wa Queen's, chipukizi aliyepita mchujo na tayari ana mechi tatu za nyasi mguuni: hao ndio wanaoharibu orodha. Namba zenyewe kwa wanawake hufuata viwango vya WTA, chama cha tenisi ya wanawake, hivyo haziulizi nani anajua nyasi. Waandaaji wana ruhusa ya kufanya marekebisho lakini huitumia kwa nadra. Serena alipewa namba 25 mwaka 2018 akiwa wa 183 duniani baada ya likizo ya uzazi, akafika fainali.

Hali ya hewa na paa vinabadilisha chochote?

Sana, na watu hupuuza. Uwanja wenye paa lililofungwa hauna upepo wala jua la machoni, na mpira husikika tofauti. Anayepiga kwa usahihi hufurahi. Anayetegemea hila na upepo hupungukiwa. Centre Court ina paa tangu 2009 na uwanja namba moja tangu 2019. Mwaka 2023, robo fainali ya Vondroušová na Pegula ilibidi paa lifungwe katikati ya mechi. Pegula aliongoza 4-1 seti ya tatu, Vondroušová akachukua gemu tano mfululizo. Fainali nayo ikachezwa paa likiwa limefungwa.

Viwanja vya pembeni havina paa. Mvua ikinyesha siku mbili, walioko huko hurundikiwa mechi, na mchezaji mkubwa anayecheza chini ya paa anapumzika kwa ratiba. Hilo halimo kwenye takwimu yoyote, lakini lipo.

Wiki ya pili nyasi za karibu na mstari wa nyuma zinakuwa zimekwisha, uwanja ni mkavu, mpira unapanda kidogo. Ndiyo maana mzungushaji aliyenusurika wiki ya kwanza huwa hatari kuliko alivyoanza.

Ubingwa wa vijana ni dalili?

Wakati mwingine. Barty alitwaa Wimbledon ya wasichana 2011 na Świątek 2018, na wote wawili walirudi kubeba ile kubwa. Lakini njia ni ndefu na haina ahadi. Fainali ya wasichana wawili wawili ya 2022 tulishangilia Angella Okutoyi wa Kenya akishinda na Rose Marie Nijkamp. Upande uliofungwa alikuwemo Victoria Mboko, ambaye miaka mitatu baadaye alitwaa mashindano makubwa ya Kanada.

Majeraha nayapimaje nikiwa nje?

Bandeji ya paja isikutishe, nusu ya wachezaji wanazo. Bega ndilo la kuogopa, kwa sababu bega ni servisi. Sabalenka alijitoa 2024 siku ya kwanza kwa ajili hiyo. Mazoezini tazama kama anaipiga servisi ya pili kwa mwendo wake kamili au anaikinga.

Hofu ya fainali inaweza kupimwa?

Kabla, hapana. Anisimova mwaka 2025 alikuwa amemtoa Sabalenka kwenye nusu fainali kwa seti tatu, akicheza kwa ujasiri ambao ningeupa kura yangu. Siku mbili baadaye hakupata hata gemu moja. Hakuna kipimo kilichokuwa kinaonyesha hilo.

Kinachoweza kuonekana ni hofu inapoingia, na huingilia mlango uleule. Mwaka 1993 Jana Novotná aliongoza 4-1 seti ya tatu dhidi ya Steffi Graf, akiwa na pointi ya kwenda 5-1. Servisi ya kwanza ikapotea, ya pili nayo ikapotea. Hakushinda gemu nyingine. Alilitwaa taji lenyewe miaka mitano baadaye.

Seti ya mwisho ikifika 6-6?

Tangu 2022 huchezwa pointi za kuamua hadi 10, kwa tofauti ya mbili. Ni nafuu kwa mwenye servisi anayoiamini.

Naweza kutumia haya kwenye mkeka wangu?

Kama umesoma jibu la Vondroušová vizuri, hukuhitaji kuuliza.

Orodha yako unaibadilisha mashindano yakianza?

Mara moja, baada ya raundi ya tatu. Hapo wamebaki 16, kila mmoja amecheza mechi tatu kwenye nyasi zilezile, na ndipo hatimaye nina kitu cha kuhesabu. Nachukua servisi za pili za mechi hizo tatu, nakata majina hadi yabaki manne. Mwaka 2023 Vondroušová alikuwa kwenye hayo 16. Nilimkata.